KUCHAGUA GARI LA KUCHUKULIA BAISKELI
Funzo la Uzito, Nafasi na Mtikisiko kutoka Kisiwa cha Pemba

Meli inapofunga gati katika bandari ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, shehena inayoteremshwa huwa ya kila namna: mchele, unga, saruji, mabati, vyombo vya nyumbani na, mara kwa mara, baiskeli. Baadhi ya baiskeli hizo ni mpya. Nyingine ni za mtumba, zilizokwisha kutumika ng'ambo na ambazo bado zina umri mrefu mbele yake zikipata fundi mwangalifu. Kutoka gatini hapo zina safari nyingine ya nchi kavu, kwenda Chake Chake, Wete, Konde na vijiji vilivyo kati ya miji hiyo. Katika sehemu hiyo ya safari ndipo nyingi huharibika. Baiskeli iliyovuka bahari bila mkwaruzo hufika kijijini ikiwa na rimu iliyopinda, spoku zilizokatika au foko iliyobanwa. Ubaya zaidi ni pale baiskeli inapochomoka garini na kuanguka barabarani, kwa maana anayekuja nyuma huenda akawa mtoto wa shule anayeendesha baiskeli yake mwenyewe.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua gari lifaalo kuchukulia baiskeli. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndani yake mna kanuni kadhaa za fizikia ambazo mchukuzi, fundi na mwanafunzi wote wataona faida yake.

Baiskeli katika maisha ya Pemba

Pemba ni kisiwa chenye urefu wa kilomita zipatazo 67, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 kina wakazi zaidi ya 540,000. Tofauti na sehemu kubwa ya Unguja, ardhi yake ni ya vilima na mabonde yaliyofuatana kwa karibu, na barabara zake hupanda, hushuka na kupinda mara nyingi. Katika mazingira hayo baiskeli si chombo cha starehe. Mchuuzi huitumia kuchukua samaki kutoka soko la Tumbe hadi vijiji vya ndani; mkulima huifunga gunia la karafuu, pakacha la mihogo au mkungu wa ndizi; mwalimu na mwanafunzi huendea shule. Kwa jamaa nyingi baiskeli ni rasilimali, na kuipoteza ni kupoteza njia ya kujipatia riziki.

Umbo la baiskeli halikubadilika sana tangu John Kemp Starley wa Uingereza alipoanza kuuza baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa nyuma mwaka 1885, na John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888. Kwa ajili hiyo vipimo vyake vyaweza kukadiriwa kwa uhakika wa kutosha, na hesabu zitakazofuata zitafaa kwa baiskeli nyingi.

Mzigo mwepesi unaojaza nafasi

Na ichukuliwe baiskeli ya kawaida ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 28, keria ya nyuma na stendi. Tungamo lake ni kama kilo 20. Urefu wake ni sentimita 185 hivi, upana wa usukani sentimita 60, na kimo chake sentimita 105. Kama ingetiwa katika sanduku linaloitosha barabara, sanduku hilo lingekuwa na ujazo upatao mita za ujazo 1.17. Maana yake ni kwamba kila mita moja ya ujazo ya sanduku ingechukua kilo 17 tu.

Linganisha na mchele. Mita moja ya ujazo ya mchele ina kilo 750 au zaidi. Kwa hiyo, kwa nafasi ile ile, mchele ni mzito zaidi ya baiskeli kwa zaidi ya mara 40. Anayechukua mchele hushindwa na uzito kabla ya kushindwa na nafasi: springi hulala wakati bodi la gari halijajaa. Anayechukua baiskeli hukutwa na kinyume chake: gari hujaa wakati springi bado ni kama hazikuguswa.

Tofauti hii ndiyo msingi wa uchaguzi wote. Mnunuzi wa gari aghalabu huuliza kwanza nguvu ya injini na tani linazoweza kubeba. Kwa mzigo wa baiskeli maswali hayo mawili ni ya mwisho. Maswali ya kwanza ni haya: sakafu ya bodi ina urefu gani na upana gani, iko juu kiasi gani kutoka ardhini, na ina vishikio vingapi vya kufungia kamba.

Magari manne na sakafu zake

Hebu yatazamwe magari manne ya aina zinazoonekana katika barabara za Pemba.

La kwanza ni gari dogo la mizigo kutoka Japani, mfano Suzuki Carry, ambalo Tanzania Bara hulijua kwa jina la kirikuu. Sheria ya Japani huyawekea magari ya daraja hili mipaka: urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, injini isiyozidi sentimita za ujazo 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Bodi lake lina urefu wa sentimita 194 hivi na upana wa sentimita 141. Kwa uzito, gari hili laweza kubeba baiskeli 17. Kwa nafasi, mambo ni mengine. Baiskeli zikisimamishwa bila kuguswa, kila moja ikidai sentimita 60 za usukani wake, zitaingia mbili. Zikipangwa mzungu wa nne, moja ikitazama mbele na ya pili nyuma ili usukani wa moja upite juu ya keria ya jirani yake, zitaingia nne. Zikilegezwa boliti za shingo, usukani ukageuzwa ulingane na fremu, na pedali zikafunguliwa, kila moja itahitaji sentimita 20 hivi, na zitaingia sita kwa raha. Urefu wa bodi hutosha kwa sentimita 9 tu za ziada, na mlango wa nyuma hufungika.

La pili ni pikapu yenye safu moja ya viti. Bodi lake aghalabu huwa na urefu wa zaidi ya mita 2, na mzigo wake hukaribia tani moja. Baiskeli huingia nzima, sita au saba, na nafasi hubaki nyuma kwa mfuko wa spana na magurudumu ya akiba.

La tatu ni pikapu ya dabo-kebini, yaani yenye safu mbili za viti. Gari hili huheshimiwa na watu wengi, na nguvu yake haina shaka. Lakini kiti cha nyuma kimekula bodi, ambalo limebaki na urefu wa sentimita 150 hivi. Baiskeli ya sentimita 185 haiingii kwa urefu mlango ukiwa umefungwa. Ikilazwa kwa pembe, kutoka kona hadi kona, kanuni ya Pythagoras hutuambia kwamba bodi la mraba wa sentimita 150 lina mshazari wa sentimita 212. Nafasi ipo, lakini kwa baiskeli moja tu, maana kila upana unaoongezwa hupunguza urefu kwenye kona. Gari linaloweza kubeba uzito wa baiskeli 40 laweza basi kuchukua moja! Wengi hutatua shida hii kwa kuacha mlango wa nyuma wazi, na magurudumu yakaning'inia nje. Hatari ya kufanya hivyo itaelezwa mbele.

La nne ni lori dogo la tani mbili, lenye bodi la urefu wa sentimita 310 na upana wa sentimita 165. Kwa uzito laweza kubeba baiskeli 100. Baiskeli nzima huingia safu moja ya nane, kisha hubaki pengo la sentimita 125 lisilotosha safu ya pili, wala baiskeli haziwezi kupangwa kwa upana wa lori kwa kuwa sentimita 165 ni pungufu ya 185.

Hapa ndipo spana inapokuwa na thamani kuliko injini. Gurudumu la inchi 28 lina kipenyo cha sentimita 71 hivi. Likiondolewa gurudumu la mbele, baiskeli hupungua kwa nusu ya kipenyo hicho, yaani sentimita 35, na kubaki na urefu wa sentimita 150. Sasa safu mbili zinaingia katika lori, baiskeli 16 badala ya 8. Hata ile pikapu ya dabo-kebini, ambayo ilikuwa haifai, huweza kuchukua kadhaa, mlango wake ukifungika kwa shida au kuachwa wazi kidogo tu.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka katika kazi hiyo. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Hufunguliwa kwa kuzungushwa upande uendao mshale wa saa, na mafundi wanafunzi wengi huiharibu kwa kuilazimisha upande mwingine. Pili, foko isiyo na gurudumu hubanika kwa urahisi. Kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo cha ekseli kitiwe kati ya ncha zake mbili na kufungwa kwa mpira.

Kimo cha mzigo na kupinduka kwa gari

Asiye na gari lenye bodi hufikiria paa. Si jambo la ajabu kuona baiskeli juu ya keria ya gari dogo au ya gari la abiria. Njia hii inawezekana, lakini ina mipaka inayofaa kueleweka.

Mpaka wa kwanza ni paa lenyewe. Kwa magari mengi madogo ya abiria, mtengenezaji huruhusu kilo 50 hadi 75 juu ya paa, pamoja na uzito wa keria. Keria ya chuma ikiwa na kilo 15, baiskeli tatu za kilo 20 hufikisha 75 kamili. Kwa barabara yenye mashimo, mwenye busara ataishia kwenye mbili.

Mpaka wa pili ni kitovu cha uzito. Kila gari lina nukta ambayo uzito wake wote ni kama umekusanyika hapo. Kadiri nukta hiyo inavyokuwa juu, ndivyo gari linavyokuwa rahisi kupinduka katika kona. Na ichukuliwe gari la kilo 1,000, ambalo kitovu chake kiko sentimita 55 kutoka ardhini. Likiwekewa kilo 75 kwenye kimo cha sentimita 190, kitovu kipya kitapatikana hivi: zidisha kila tungamo kwa kimo chake, jumlisha, kisha gawanya kwa tungamo lote. Jibu ni sentimita 64. Kilo 75, ambazo ni pungufu ya sehemu moja kwa kumi na tatu ya uzito wa gari, zimekipandisha kitovu kwa sentimita 9. Kama baiskeli tatu hizo zingewekwa ndani, kwenye kimo cha sentimita 90, kitovu kingepanda kwa sentimita 2 tu.

Uwezo wa gari kukataa kupinduka hupimwa kwa kugawanya nusu ya nafasi iliyo kati ya tairi la kushoto na la kulia kwa kimo cha kitovu. Nafasi hiyo ikiwa sentimita 140, uwezo ulikuwa 70 kugawanya kwa 55, yaani 1.27, sasa ni 70 kugawanya kwa 64, yaani 1.09. Karibu asilimia 15 ya uwezo imepotea. Ni kweli kwamba katika barabara iliyonyooka tairi huteleza kabla gari halijapinduka. Lakini kwenye kona ya mteremko, pale tairi la nje linapoingia shimoni au kukanyaga ukingo laini wa barabara, akiba hiyo iliyopotea ndiyo ingehitajika.

Jambo hili linayahusu pia magari madogo ya mizigo. Hayo ni membamba, na sakafu yake iko juu kidogo. Baiskeli sita zilizosimama humo si hatari, lakini anayeongeza tabaka la pili juu yake hujenga mnara juu ya msingi mwembamba.

Mpaka wa tatu ni upepo. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari likitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, nguvu inayovuta baiskeli zilizo juu ya paa haizidi mara mbili bali mara nne. Kamba iliyotosha kijijini huenda isitoshe kwenye lami iliyonyooka.

Mzigo ulioning'inia nyuma

Wengine hutundika baiskeli nyuma ya gari, kwa keria maalumu au kwa kamba kwenye mlango. Hapa inatumika kanuni ya wenzo, ile ile inayotumika katika mizani ya sokoni. Ekseli ya nyuma ni egemeo. Uzito ulio nyuma ya egemeo hukandamiza upande huo, na kuinua upande wa mbele.

Na ichukuliwe baiskeli tatu na keria yake, jumla kilo 72, zikiwa sentimita 120 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana kwa sentimita 240. Ekseli ya mbele hupungukiwa na 72 mara 120 kugawanya kwa 240, yaani kilo 36. Ekseli ya nyuma hubeba zile 72 na hizo 36 pia: kilo 108 kwa jumla. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoshika usukani na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakipunguziwa uzito, hushika barabara kidogo zaidi. Dereva hulihisi hilo anapopanda kilima cha mvua: usukani huwa mwepesi kuliko kawaida.

Kanuni hii ndiyo inayoeleza pia ubaya wa mlango wa nyuma ulioachwa wazi na magurudumu yakining'inia nje. Zaidi ya hayo, baiskeli zilizoning'inia hufunika taa na namba za gari, na usiku anayekuja nyuma haoni ishara ya breki. Ikiwa hapana njia nyingine, taa zisifunikwe, na kitambaa chekundu kifungwe mwisho wa mzigo.

Mtikisiko

Watu wengi hudhani kwamba gari kubwa ndilo litakalotunza mzigo. Kwa baiskeli, dhana hii aghalabu si sahihi. Springi za lori zimefanywa ngumu ili zibebe tani mbili. Zikipewa baiskeli 16, yaani kilo 320, hazipindi inavyotakiwa, na kila shimo hupelekwa moja kwa moja katika sakafu.

Fizikia hueleza hivi: kasi ya mtetemo wa springi hufuata kipeuo cha pili cha ugumu wake ukigawanywa kwa tungamo linalobebwa. Tungamo likipungua hadi robo, mtetemo huwa wa haraka mara mbili. Lori lililojaa huyumba polepole kama jahazi lenye shehena. Lori tupu hurukaruka. Sakafu inaporushwa juu na kisha kushuka kwa kasi inayozidi ile ya kitu kianguacho, mzigo hauifuati tena. Hubaki hewani kwa muda mfupi, kisha huigonga sakafu. Mapigo ya namna hiyo, yakirudiwa mara mamia, ndiyo yanayokata spoku na kulegeza nati.

Dawa zake ni nne, na zote ni rahisi. Kwanza, mwendo upunguzwe penye mashimo. Pili, magunia machache ya mchanga yawekwe sakafuni juu ya ekseli ya nyuma. Hulaza springi, na kwa kuwa yako chini hayaharibu kitovu cha uzito. Tatu, tairi zisijazwe upepo wa mzigo mzito wakati mzigo ni mwepesi. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa na mtengenezaji. Nne, baiskeli zitandikiwe. Jamvi chakavu hupunguza utelezi wa tairi juu ya bati, na magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi, ambayo Pemba si haba, hutenganisha fremu moja na nyingine.

Kufunga

Gari zuri lisilo na vishikio vya kamba si gari zuri kwa kazi hii. Katika uchukuzi wa mizigo kuna kipimo kinachokubaliwa Ulaya na kwingineko: kamba za mzigo ziweze kuhimili nguvu ya kwenda mbele iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa upande na kwa nyuma. Nguvu ya mbele ni kubwa zaidi kwa sababu breki za ghafla hupunguza mwendo kuliko jambo jingine lolote la kawaida barabarani. Kwa baiskeli 16, yaani kilo 320, kamba zote pamoja zihimili uzito wa kilo 256 kwenda mbele. Kwa baiskeli nne inatosha kilo 64.

Mipira iliyokatwa kutoka tyubu chakavu hutumiwa kila mahali, na ina sifa yake: hunyumbuka pamoja na mtikisiko na haikwaruzi rangi. Lakini kwa breki za ghafla mpira huvutika, na mzigo husogea kabla haujazuiwa. Kamba ya katani haivutiki sana, lakini hulegea mzigo unapojipanga upya baada ya kilomita chache. Njia bora ni kutumia zote mbili: mpira kwa kuunganisha baiskeli na baiskeli, na kamba imara kwa kuunganisha fungu zima na vishikio vya gari. Kamba ipite kwenye fremu, si kwenye spoku wala keria. Baada ya kilomita tano za kwanza dereva asimame na kukaza upya.

Mfano wa hesabu ya uchaguzi

Na ichukuliwe kwamba kikundi cha mafundi wa Konde, kaskazini ya kisiwa, kinapokea baiskeli za mtumba huko Mkoani na kuzifikisha kwao kwa matengenezo. Kikundi kina njia mbili: kununua gari dogo linalochukua baiskeli sita, au kukodi lori linalochukua 16. Safari moja ya lori, kwa mafuta na ujira, inawagharimu mara mbili ya safari ya gari dogo.

Gharama ya kila baiskeli ni gharama ya safari ikigawanywa kwa idadi ya baiskeli. Lori litakuwa rahisi iwapo tu linachukua zaidi ya mara mbili ya sita, yaani zaidi ya 12. Kama meli imeleta 16, lori hushinda. Kama imeleta 8, gari dogo litaenda safari mbili kwa gharama ile ile ya lori, na litapata nafasi ya kuchukua nyingine nne. Na kama mafundi hawana muda wa kuondoa magurudumu, lori hilo hilo litachukua nane tu, na faida yake itatoweka hata bandari ikiwa na baiskeli mia. Robo saa ya spana kwa kila baiskeli ndiyo inayoamua ni gari lipi la rahisi.

Yaelekea basi kwamba kikundi cha namna hii kingefanya vyema kumiliki gari dogo kwa kazi ya kila wiki, ambalo pia litachukua vipuri na kufikisha baiskeli vijijini, na kukodi lori pale tu shehena kubwa inapofika.

Muhtasari

Anayekusudia kununua au kukodi gari kwa kazi hii na afuate utaratibu huu. Kwanza ahesabu baiskeli za kila safari. Pili apime baiskeli yake ndefu kuliko zote, nzima na bila gurudumu la mbele. Tatu achukue utepe na kupima sakafu ya gari akiwa amefunga mlango wa nyuma. Asiridhike na maelezo ya muuzaji. Nne achague, kati ya magari yanayotosha, lile lenye sakafu ya chini kuliko mengine na springi zinazolingana na mzigo. Tano ahesabu vishikio vya kamba, na kama havitoshi, fundi wa kuchomea aviongeze kwenye chuma cha fremu, si kwenye bati. Mwisho ndipo aulize habari za injini.

Maswali ya kujipima

1. Bodi la pikapu lina urefu wa sentimita 160 na upana wa sentimita 145. Je, baiskeli ya sentimita 185 itaingia nzima kwa urefu? Ikiondolewa gurudumu la mbele, ngapi zitaingia ikiwa kila moja inahitaji sentimita 20 za upana?

2. Gari la kilo 900 lina kitovu cha uzito kwenye kimo cha sentimita 50. Likiwekewa kilo 60 kwenye kimo cha sentimita 180, kitovu kitapanda kwa sentimita ngapi?

3. Keria ya nyuma yenye baiskeli mbili ina jumla ya kilo 50 na iko sentimita 110 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli mbili zimeachana kwa sentimita 220. Ekseli ya mbele itapungukiwa na kilo ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako kwa nini lori lililojaa saruji hutikisika kidogo kuliko lori hilo hilo likiwa na baiskeli nane, katika barabara ile ile na kwa mwendo ule ule.